Mwambie Mumeo

9 Oktoba

Daftari hili ni la mradi. Injinia Tharshika amegawa moja kwa kila nyumba hapa kijijini na kutuambia tuandike mambo matatu kila siku: hali ya hewa, fundi amekuja au hakuja, na kazi iliyofanyika. Sisi ni nyumba namba 47. Nimeziba pancha za baiskeli miaka ishirini na mitatu na hakuna aliyewahi kuniomba niandike chochote, kwa hiyo nitaandika mpaka kurasa ziishe.

Hali ya hewa: jua. Fundi: amekuja. Kazi: msingi umechimbwa.

Masharti injinia alitusomea jana hapa kibandani kwetu. Vifaa wanatoa watu wa nchi za baridi, kujenga tunajenga wenyewe. Tarehe 31 Desemba kila familia iwe imehamia kwake. Nyumba itakayokutwa haina watu siku hiyo inafutwa kwenye orodha, na milango, madirisha na choo chake vinapelekwa kijiji kingine. Mama mkwe wangu alikuwa amejibanza nyuma ya gunia tulilotundika katikati ya kibanda, na kutoka huko akasema, "Malar, mwambie mumeo amuulize huyo binti kama mlango ni wa mbao nzima au wa kuungaunga."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye hilo gunia.

Mama mkwe, Annaletchumi, hajawahi kusema nami moja kwa moja tangu nimwoe binti yake, Malar. Mwaka wa kumi na tisa huu. Hanichukii, au kama ananichukia hajamtuma Malar aniambie. Ni adabu ya watu wa zamani: mama husimama nyuma ya mlango na kupitisha maneno yake kwa binti, na mkwe hujibu kwa njia hiyohiyo. Wenzake wengi waliiachia njiani wakati wa vita. Yeye tulihama naye mara saba tukikimbia, na hata ndani ya handaki, makombora yakipita juu yetu, alisema, "Malar, mwambie mumeo ainamishe kichwa." Niliinamisha bila kungoja Malar anifikishie, na nadhani ndiyo maana leo naandika.

Tatizo lake ni kwamba huwezi kusimama nyuma ya mlango kama mlango huna. Nyumba yetu ya zamani imebaki kifusi na kisima. Miaka mitatu sasa tunaishi kwenye kibanda cha mabati chenye chumba kimoja, na yeye amejificha nyuma ya gunia la mchele lenye picha ya tausi. Wengine wanataka nyumba. Mama mkwe anataka mlango.

10 Oktoba

Jua. Fundi hakuja.

11 Oktoba

Jua. Fundi hakuja.

14 Oktoba

Jua. Nimemfuata Fundi Rasiah kwake. Nimemkuta anachimba msingi wa nyumba namba 52.

"Kaka, wewe si nimeshakuanza?" aliniambia. "Sasa nawaanza na wengine wasije wakanuna."

"Utamaliza lini sasa?"

"Kumaliza ni jambo jingine, kaka. Tusichanganye mambo."

Ameanza nyumba kumi na moja. Kijiji kizima kimejaa mashimo yake.

22 Oktoba

Mawingu. Fundi: amekuja, amekunywa chai. Kazi: matofali mistari miwili.

Injinia Tharshika alikuja na pikipiki yake kujaza fomu. Ni binti wa Batticaloa, mji wa pwani ya mashariki, miaka ishirini na sita, kofia ngumu haimtoki kichwani hata akikaribishwa chai. Aliuliza mkuu wa kaya ni nani, nami nikakohoa kidogo na kukaa vizuri.

Gunia likatikisika. "Malar, mwambie huyo binti nyumba ni ya mwanamke. Kiwanja hiki nilipewa na mama yangu nilipoolewa, nami nikakupa wewe ulipoolewa. Aandike jina lako."

"Bibi, fomu inataka mwanamume kama yupo," Tharshika akasema.

"Yupo, lakini huyo ni mgeni aliyekaa sana tu."

Tharshika alinitazama, mimi nikatazama matofali. Malar alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Mwishowe injinia aliandika majina yote mawili na kuchora mshale katikati. Usiku mzima nilikuwa nawaza ule mshale ulielekea kwa nani.

3 Novemba

Mvua imeanza. Fundi hakuja.

4 Novemba

Mvua. Fundi hakuja. Bata wa jirani wamepita kwenye sebule yetu wakiogelea.

11 Novemba

Mvua asubuhi. Fundi: amekuja! Kuta zimefika kifuani. Mama mkwe ameenda kukagua chini ya mwavuli. Alisimama pale mlango utakapokuwa, akapiga hatua moja nyuma ya ukuta, akanyamaza, akachungulia, akarudi tena nyuma. Nilitambua kwamba anafanya mazoezi.

20 Novemba

Mvua. Fundi hakuja. Leo mambo yamekuwa magumu na inanibidi niandike kwa kirefu.

Mama mkwe ametoa almanaka yake chini ya mto. Amehesabu kwa vidole, amehesabu tena, kisha akatangaza kutoka nyuma ya tausi: "Malar, mwambie mumeo mwezi wa Margazhi unaingia tarehe 16 Desemba."

Mimi nilijua kuwa Margazhi ipo, kama ninavyojua kuwa nina ini. Ni mwezi wa ibada. Haolewi mtu, haanzishwi duka, na hakuna mwenye akili anayeingia nyumba mpya. Mwezi huo unaisha siku ya Pongal, sikukuu ya mavuno, katikati ya Januari. Mradi unataka tuwe ndani kufikia tarehe 31 Desemba. Kwa hiyo mwisho wetu si tarehe 31, ni tarehe 15, na nyumba hata lenta ya juu ya kuta haina.

"Mwambie mama tunaweza kuingia kimyakimya tarehe 30," nilisema.

"Malar, mwambie mumeo aingie kimyakimya yeye na baiskeli zake. Mimi nimeshapoteza nyumba moja. Hii siingii kwa mkosi."

Injinia alipopita jioni nilimweleza. Alivua kofia ngumu kwa mara ya kwanza, nikaona kumbe ana nywele.

"Mjomba, unadhani sijui? Mama yangu mwenyewe angenifukuza. Nimewaandikia wakubwa barua tatu kuwaeleza habari za Margazhi. Wamejibu wakiniomba nimwalike Margazhi kwenye mkutano wa wadau."

"Kwa hiyo hawaongezi siku?"

"Mwaka wao unafungwa tarehe 31. Hata wangekuwa wanatupenda vipi, mjomba, mwaka unafungwa." Kisha akachukua daftari hili, akalifungua katikati, akasoma, akaguna. "Hapa tunaandika saruji. Sio mama mkwe."

Wenzetu wengi wameshaezeka na kuchemsha maziwa yao ya kuingia nyumba. Fundi Rasiah anasema sisi tulikosea kwa kuwa wa kwanza, maana wa kwanza ndiye husahaulika.

1 Desemba

Mvua. Fundi: amekuja, kwa sababu Malar alimfuata na kukaa kwenye karai lake la zege mpaka akakubali. Lenta imemwagwa.

7 Desemba

Mvua kidogo. Fundi: amekuja. Kenchi za paa zimepanda! Fremu ya mlango imesimama, ya mwarobaini, imepakwa manjano na kufungwa majani ya mwembe. Mlango wenyewe utakuja mwishoni kabisa pamoja na madirisha. Vigae vya paa viko njiani.

8 Desemba

Mvua kubwa. Vigae viko njiani.

9 Desemba

Mvua kubwa. Vigae bado viko njiani, na njia iko chini ya maji. Lori limekwama ng'ambo ya bwawa. Nimekwenda kwa baiskeli hadi maji yaliponifika kiunoni, nikaliona kwa mbali. Dereva alinipungia mkono, nami nikampungia.

10 Desemba

Mvua. Leo nilimwona mama mkwe akikunja gunia lake na kulikunjua tena. Alilikunja mara nne. Hakutuma neno lolote kwangu siku nzima, na sikujua kama kimya kinaweza kunikera kiasi hicho. Ana miaka sabini na moja. Kama nyumba hii ikifutwa, atakufa nyuma ya tausi. Nimeona niandike hivyohivyo, hata kama si saruji.

11 Desemba

Mvua. Asubuhi gunia lilisogea.

"Malar, mwambie mumeo almanaka haisemi chochote kuhusu paa."

Sote wawili tulikaa tukimsikiliza. Alikuwa ameisoma yote tangu ukurasa wa kwanza. Kuingia nyumba, alisema, ni kuvuka kizingiti kwa mguu wa kulia ukiwa na taa, kuchemsha maziwa jikoni mpaka yafurike, na kulala humo siku hiyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima kuwe na vigae. Saa njema ya mwisho kabla ya Margazhi ni kesho, saa mbili na dakika kumi hadi saa tatu kamili asubuhi.

"Mama, mvua hii?" Malar akauliza.

"Mwambie mumeo atafute miavuli."

12 Desemba

Hali ya hewa: acha tu. Fundi: amekuja, kula. Kazi: tumehamia.

Nimekusanya miavuli tisa, mmoja ukiwa wa mhubiri wa dini nyingine ambaye hakujua unaenda wapi. Injinia Tharshika alikuja na kamera. Fundi Rasiah alikuja na mke wake, amevaa shati jeupe kama baba wa bibi harusi. Jirani alituletea ng'ombe na ndama watangulie kuingia, maana ng'ombe ni baraka. Ng'ombe alifika kizingitini, akachungulia ndani, akaona mvua ile ile aliyoiacha nje, akagoma. Tukamsukuma. Alipoingia akagoma kutoka.

Mama mkwe alivuka kwa mguu wa kulia, taa mkononi, Malar akimfunika kwa mwavuli. Taa haikuzimika. Alikwenda moja kwa moja jikoni, kona ya kusini mashariki. Tulikuwa tumepanga matofali matatu na kuni za mvumo ambazo nilikuwa nimelala nazo kitandani usiku mzima ili zikauke. Chungu kipya, maziwa ya ng'ombe yuleyule aliyegoma.

Saa mbili na dakika kumi na mbili moto uliwaka. Mimi nilipewa mwavuli mkubwa wa mhubiri niushike juu ya chungu. Huku mwavuli, kule miavuli, na katikati sote tumebanana tukitazama maziwa. Yakaanza kuvuta mvuke. Yakaanza kupanda. Tone moja likapenya kutoka kwenye kenchi, likaingia chunguni, maziwa yakashuka. Yakapanda tena. Tone jingine.

"Hayo hayachemki, hayo yanaongezeka tu," Fundi Rasiah alisema. Mke wake alimkanyaga.

Saa mbili na dakika arobaini. Moto ulikuwa unafuka moshi kuliko kuwaka. Injinia alikuwa ameacha kupiga picha. Alivua kofia yake ngumu, akapiga magoti kwenye matope na kuishika upande wa upepo kukinga moto, mvua ikimchuruzika usoni. Saa mbili na dakika hamsini na tano. Maziwa yamefika ukingoni, yametuna, bado kidogo tu. Nikainua macho kutazama wingu linatoka wapi. Hapo upepo ukaja, mwavuli ukapinduka.

"Mkwe! Mwavuli! Unatazama nini juu?"

Hakuwa Malar aliyesema.

Niliutupa mwavuli, nikavua shati langu na kulitandaza juu ya chungu kwa mikono miwili, mgongo wangu ukiwa ndio paa. Chini yangu nikasikia mlio wa maziwa yakimwagikia moto, tsss, upande wa mashariki, upande wa heri, na mke wa Rasiah akapiga vigelegele. Saa mbili na dakika hamsini na nane.

Baadaye ndipo kila mtu alitambua alichosikia. Malar alishika mdomo. Mimi nilibaki nimeinama na shati langu mikononi. Mama mkwe alinitazama usoni, na macho yake yalikuwa yamelowa, mvua au si mvua sijui. Kisha akageuka, akaenda kusimama nyuma ya ng'ombe.

"Malar," ilisikika kutoka huko, "mwambie mumeo mimi sikusema kitu."

"Mwambie mama sikusikia," nilijibu.

Tukanywa maziwa kwenye vikombe. Yalikuwa mengi kuliko tuliyotia.

13 Desemba

Mvua. Tumelala ndani ya nyumba yetu chini ya turubai, sisi watatu, na ng'ombe.

14 Desemba

Mvua. Nimependekeza turudi kibandani mpaka vigae vije. Jibu limekuja kupitia kwa Malar: tukirudi sasa, siku ya kuja tena tutakuwa tunaingia nyumba mpya katika Margazhi. Kwa hiyo hatuwezi kutoka. Kibanda chetu kikavu kiko hatua kumi kutoka hapa na kuku wa jirani wameshahamia. Kuku hawana almanaka.

16 Desemba

Mvua. Margazhi imeanza. Tumelowa lakini tumehamia.

19 Desemba

Mvua. Fundi hakuja. Nimeshikwa na mafua. Nimekuta mchuzi wa pilipili manga umewekwa karibu na kichwa changu na hakuna aliyekiri kuuweka. Malar alikuwa kisimani.

24 Desemba

Jua! Lori limefika. Dereva amenikumbatia kama ndugu yake. Fundi: amekuja na wenzake saba, bila kufuatwa. Anasema ana aibu kuona watu wakipika chini ya mwavuli kwenye nyumba aliyojenga yeye.

29 Desemba

Jua. Kigae cha mwisho kimewekwa. Tumekaa chini tukakitazama kama watu wanaotazama sinema.

30 Desemba

Mawingu. Amekuja mkubwa kutoka nchi ya baridi, Bwana Aksel, mrefu, mwekundu kwa jua, mpole. Mama mkwe alisimama nyuma ya ukuta wa jikoni. Basi Bwana Aksel akamuuliza injinia, injinia akamuuliza Malar, Malar akauuliza ukuta, na majibu yakarudi kwa njia hiyohiyo. Mimi nilikuwa katikati nimeshika sinia la ndizi.

Alisoma fomu akakunja uso. Kuhamia: tarehe 12. Paa: tarehe 29. Aliuliza kama ni makosa ya uandishi. Injinia Tharshika akasema hapana. Akauliza, je, walikaa hapa siku zote hizo bila paa, katika mvua ile? Mimi nilimwona Tharshika akikaza mkanda wa kofia yake, maana huyu angeweza kusema ni uongo na kutufuta. Nikamkabidhi daftari hili. Hajui lugha yetu, lakini alipitisha kidole juu ya neno "mvua" ambalo liko karibu kila ukurasa, na kurasa zenyewe zimevimba kwa maji. Akauliza kwa nini hasa.

Swali likafika ukutani. Kisha mama mkwe akasema, "Malar, mwambie huyo bwana nimekaa chini ya paa za watu miaka mingi na sikulowa. Sikutaka kukauka. Nilitaka kuwa kwangu."

Ilipita kwa Malar, ikapita kwa injinia. Sijui ilifikaje huko. Bwana Aksel alifunga kalamu yake, akaifungua tena, akaweka alama. Alikula ndizi tatu. Alipoondoka aliinama kwa adabu mbele ya ukuta.

9 Januari

Jua. Milango na madirisha vimekuja. Mlango wa mbele ni wa mbao nzima.

14 Januari

Pongal. Jua tupu. Mwezi mbaya umekwisha, na daftari limebaki na ukurasa huu mmoja.

Alfajiri Malar alichora nakshi za unga wa mchele mbele ya kizingiti, kisha wali mtamu ukapikwa uani na ukafurika bila shida yoyote, kama vile haujawahi kusikia habari za miavuli. Mimi nilikwenda kurudisha mwavuli wa mhubiri, nikamweleza ulikofanya kazi, akasema ameusamehe.

Niliporudi nilimkuta Fundi Rasiah njiani akielekea namba 52, na Malar kwa mbali, anampelekea injinia Tharshika bakuli la wali. Uani hapakuwa na mtu. Mlango wetu ulikuwa umefunguliwa nusu. Nilivua ndala, lakini nikasita pale nje, maana ndani alikuwa mama mkwe peke yake, na mkwe haingii hivi hivi. Nikawa nimesimama na ndala mkononi.

Kisha nikaona ncha ya sari yake chini ya ubao wa mlango. Alikuwa amesimama nyuma yake, sawasawa, kama alivyofanya mazoezi.

"Malar," alisema, "mwambie mumeo aingie ale. Asisimame nje kama mgeni."

Niligeuka nyuma. Malar alikuwa ameshatokomea barabarani, haonekani hata kivuli. Mama mkwe alijua hayupo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma.

Niliweka ndala chini, kando ya kizingiti.

"Malar," nikasema, "mwambie mama naingia."